Jibu la pengo huwa nje ya pengo

Watoto hukariri maneno mamia kwa mamia kabla ya mtihani, kisha wakakwama kwenye nafasi kumi na tano tu. Mzazi mmoja aeleza aliyoyaona mezani kwake.

IJUMAA moja jioni, mwezi wa Juni mwaka 2025, binti yangu aliyekuwa Gredi ya 9 alirudi kutoka shuleni na karatasi ya mtihani wa majaribio. Aliiweka mezani kifudifudi, akaenda chumbani kwake bila hata kuulizia chai. Mzazi yeyote anaijua ishara hiyo. Niliigeuza karatasi. Katika zile nafasi kumi na tano za kujaza kwa neno lifaalo, alikuwa amepata sita.

Kilichonishangaza si alama hizo. Kando ya mkoba wake kulikuwa na daftari nene ambalo alikuwa ameliandika kwa mkono wake tangu Januari. Ndani yake mlikuwa na maneno zaidi ya mia sita: majina ya mafundi, majina ya malipo, majina ya makundi, milio ya wanyama, vitu vinavyoanguka na sauti zake. Baada ya chakula nilimwita, nikamwuliza maneno kumi niliyoyachagua ovyo. Thurea? Ya nyota. Saisi? Mtunza farasi. Topasi? Msafisha vyoo. Arubuni? Fedha za kutanguliza ili kitu kisiuziwe mtu mwingine. Alijibu yote kumi bila kusita.

"Sasa mwanangu, mbona hapa ukapata sita?"

"Baba, maneno nayajua. Ni sentensi ndizo sizijui."

Jibu hilo sikulielewa usiku ule. Hata hivyo lilinirudisha nyuma miaka mingi, kwa maana mimi pia niliwahi kuangushwa na nafasi tupu. Nilifanya KCPE mwaka 1991, enzi ambazo mtihani huo ulikuwa na masomo saba na alama 700. Katika karatasi ya Kiswahili nilizijaza nafasi kwa kasi kama mtu anayekimbizwa. Nilikuwa nasoma hadi nifike penye pengo, nachagua, naendelea. Nafasi moja ilinitatiza nikairuka, lakini katika karatasi ya majibu sikuruka kisanduku chake. Niligundua mwishoni, msimamizi akiwa tayari ameanza kukusanya karatasi, kwamba majibu yangu yalikuwa yamesogea hatua moja kila moja. Nilifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Niliyarekebisha machache, mengine yakabaki vivyo hivyo. Shule niliyokuwa nimeichagua kwanza sikuitwa. Sitasema ni kwa sababu ya Kiswahili peke yake, lakini hadi leo nikiona pengo katika sentensi, moyo wangu hushtuka kidogo.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka jinsi Kiswahili kilivyopata uzito. Kabla ya hapo, mtoto aliweza kumaliza darasa la saba na kufanya mtihani wa CPE bila kutahiniwa katika lugha hii. Ulipoingia mfumo wa 8-4-4 na KCPE ya kwanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima. Kwa miaka mingi karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50, na maswali 15 ya kwanza yalikuwa hayo hayo: vifungu vyenye mapengo, na kwa kila pengo majibu manne. Karatasi ya Kiingereza nayo ilifungua mlango kwa namna iyo hiyo. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Lakini mapengo hayakuondoka nayo. Yako katika mazoezi ya shule za msingi, yako katika mitihani ya majaribio ya Gredi ya 9, na hesabu ya kumwingiza mtoto sekondari pevu haikungoja mtu ajifariji: katika mpango uliowekwa kwa kundi la kwanza, KJSEA ya mwaka 2025 ilipewa asilimia 60, KPSEA waliyoifanya katika Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20.

Tita na mzigo

Msaada ulitoka Voi. Dada yangu mkubwa, aliyefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Taita Taveta hadi alipostaafu mwaka 2023, alikuja kutuona likizo ya Agosti. Ndiye shangazi pekee ambaye binti yangu humwogopa na kumpenda kwa kiasi sawa. Alikaa kwetu wiki mbili, na kila jioni vyombo vikishaondolewa mezani, karatasi zilichukua mahali pake.

Siku ya kwanza alilichukua lile daftari nene, akalipekua taratibu, akalisifu mwandiko. Kisha akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki bila kiti. Akaandika sentensi moja kwenye kipande cha karatasi:

Mama alitoka msituni akiwa amejitwika ____ la kuni.

A. mzigo B. kicha C. tita D. mganda

Binti yangu alichagua A. Hata mimi, kusema kweli, mkono wangu ungekwenda hapo.

"Kwa nini mzigo?" shangazi akamwuliza.

"Kwa sababu kuni ni mzigo, shangazi."

"Sawa. Hebu isome yote kwa sauti."

Alisoma: "... amejitwika mzigo la kuni." Akanyamaza. Akasoma tena, na safari hii akacheka mwenyewe. Mzigo ni wa kuni. Kicha ni cha funguo, na hata kingekuwa cha kuni kingebaki kuwa cha. Mganda ni wa mpunga au mtama. Herufi mbili tu baada ya pengo, l na a, zilikuwa zimekwisha kuyafukuza majibu matatu kabla mtu hajafikiria maana ya neno lolote. Aliyebaki ni tita. Na neno tita lilikuwamo katika daftari lake, ukurasa wa makundi, limepigiwa mstari kwa wino mwekundu!

Hapo ndipo nilipolielewa jibu lake la mwezi wa Juni. Neno alilijua likiwa peke yake, kama mtu unayemjua kwa picha tu. Ulipofika wakati wa kumtambua katikati ya umati, akampita. Tena mtoto wa Umoja ambaye tangu azaliwe ameona chakula kikipikwa kwa gesi, atalionea wapi tita la kuni? Mimi nililibeba, mgongo wangu unalikumbuka. Kwake yeye ni herufi nne za kukariri.

Sentensi ya pili ilikuwa fupi zaidi: Alivaa ____ iliyompwaya. Majibu yalikuwa shati, kanzu, vazi na magwanda. Yote ni mavazi, yote yanaweza kumpwaya mtu. Binti yangu alichagua shati, na alipoulizwa akasema shati ndilo watu wengi huvaa. Dada yangu hakumkemea. Alimwuliza tu kama angesema shati iliyo au shati lililo. Swali hilo lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu jijini Nairobi kila mtu husema "shati yangu", "gari yangu", "jina yangu", na mimi mwenyewe nimo. Sikio la mtoto limezoea kwamba kila kitu ni "yangu". Basi anapofika kwenye pengo, ile "iliyo" haimwashii taa yoyote. Kwa mtoto aliyezoea kusikia shati lililochakaa, vazi lililompendeza na magwanda yaliyorarukararuka, jibu la kanzu hujileta lenyewe.

Nasema hivi bila kutaka kuilaumu Sheng. Watoto watacheza na lugha yao, na sisi tulicheza na yetu. Ninachosema ni kwamba mtoto asiyesikia lugha ya pili nyumbani, hata kwa nusu saa, anakwenda mtihanini na sikio moja.

Tembo juu ya mnazi

Jioni ya tatu shangazi alitunga kifungu kizima. Nakinakili hapa ili msomaji naye ajaribu, au amjaribu mwanawe kabla ya kusoma zaidi:

Mzee huyo alikuwa __1__ hodari. Kila alfajiri aliparaga minazi yake mirefu akiwa na kisu kiunoni na kibuyu __2__ begani, na kushuka na tembo. Siku moja kamba ya miguuni ilikatika, naye akaanguka mchangani __3__! Majirani walikuja mbio, lakini kijijini hapakuwa na gari, __4__ ambulensi.

1. A. mkwezi B. mgema C. mvuvi D. msasi
2. A. iliyoning'inia B. lililoning'inia C. kilichoning'inia D. yaliyoning'inia
3. A. chubwi B. tapwi C. pu D. tifu
4. A. licha ya B. sembuse C. maadamu D. ijapokuwa

Binti yangu aliweka kalamu chini alipofika kwenye sentensi ya pili. "Shangazi, huyu mzee ameshukaje na ndovu kutoka juu ya mnazi?"

Dada yangu alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akaeleza kwamba tembo hapa si yule wa Tsavo bali ni ile pombe inayogemwa kwenye kilele cha mnazi, ambayo huko Kilifi wengi huiita mnazi tu. Na ndiyo iliyokuwa siri ya nafasi ya kwanza. Mkwezi na mgema wote wawili hupanda minazi. Mkwezi huangua nazi na madafu. Mgema hugema tembo. Ukisoma hadi penye pengo tu, kama nilivyofanya mimi mwaka 1991, huna namna ya kuwatenganisha. Mvuvi na msasi pia wanaweza kuwa hodari. Neno linaloamua limekaa mwishoni mwa sentensi inayofuata, mbali na pengo, nalo linamsubiri mtahiniwa mwenye subira.

Nafasi ya pili ni ya ngeli tupu: kibuyu kilichoning'inia. Hapa mtoto hahitaji kujua msamiati mgumu, anahitaji kuligeuza jicho lake nyuma neno moja.

Nafasi ya tatu ndiyo inayowapendeza walimu wote wa zamani. Majini mtu huanguka chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, na penye sakafu au ardhi ngumu pu. Hakuna neno lililo baya kati ya hayo manne. Kila moja lina mahali pake, na mahali pametajwa neno moja tu kabla. Binti yangu aliipata, kwani daftari lake lilikuwa na orodha hiyo hiyo. Dada yangu alikiri kwa haki kwamba hapa daftari limefanya kazi: asiyewahi kukutana na tifu maishani mwake hawezi kulichagua kwa akili peke yake, isipokuwa kwa kuyaondoa yale matatu.

Ya nne inamtaka mtoto asikilize mwendo wa wazo. Gari halipo, ambulensi je, ambayo ni adimu zaidi? Sembuse. Anayedhani viunganishi ni vineno vya kupitia tu atachagua "licha ya", kwa sababu ndicho anachokisikia mara nyingi redioni, na sentensi nzima itapinduka maana.

Alipata tatu kati ya nne. Iliyomkosesha ni ile ya kwanza, kwa sababu ya ndovu.

Majibu matatu yasiyofaa yanatoka wapi?

Wazazi wengi hudhani mtunga mtihani huliandika jibu sahihi, kisha huokota maneno mengine matatu popote. Dada yangu, ambaye kwa miaka mingi aliwatungia wanafunzi wake mitihani ya majaribio, alinieleza kwamba kazi ngumu ni hayo matatu. Kila moja huwekwa kwa ajili ya kosa fulani. Alinipa mfano huu: Mshukiwa aliachiliwa kwa ____ ya shilingi elfu hamsini. Jibu ni dhamana. Thamani imewekwa kwa ajili ya anayekwenda kwa sauti, yule ambaye dh na th kwake ni ndugu. Amana imewekwa kwa ajili ya anayejua nusu, kwamba ni kitu kinachohusu kuaminiana. Rehani ni ya yule aliyekariri ukurasa wa fedha lakini hajui nani hufanya nini. Neno "aliachiliwa", lililotangulia pengo, linatosha kuwajibu wote watatu, maana mtu haachiliwi kwa thamani wala kwa rehani.

Ndiyo sababu alimfundisha binti yangu kuyafunika majibu kwa kiganja. Asome kifungu chote mara moja bila kujaza kitu. Arudi kwenye pengo, aseme kwa mdomo wake neno lolote linalomjia, hata liwe la kawaida kabisa. Kisha ndipo afunue kiganja aone kama neno lake limo, au lipo la kufanana nalo. Anayeanza na majibu manne huyapa majibu hayo nafasi ya kumshawishi. Na maneno yaliyochaguliwa na mtu mzima ili yamshawishi mtoto yana nguvu kweli kweli.

Vilevile alimkumbusha maagizo yenyewe, ambayo watoto huyaruka: chagua jibu lifaalo zaidi. Zaidi! Msafiri aliyetembea jangwani siku nzima bila maji anaweza kuwa na njaa kali. Hakuna aliyekataa. Lakini "bila maji" imetajwa, kwa hiyo kiu inafaa zaidi, na mtahiniwa atakayegombana na karatasi kwamba njaa pia ni kweli atakuwa sahihi na atakosa alama.

Jambo lililotupa taabu kuliko yote ni maneno yanayokwenda wawili wawili. Wakili alisema ____ rufaa. Binti yangu alijaza "atapiga", akajitetea vizuri: watu hupiga simu, hupiga picha, hupiga kura, hupiga pasi, hupiga deki, hupiga hodi, kwa nini rufaa isipigwe? Nilimtazama dada yangu nikitarajia kanuni. Hakuwa nayo. Rufaa hukatwa, kiapo huliwa, ndoa hufungwa, basi. Mtu huyajua hayo kwa kuyasikia, jinsi anavyojua mke wa jirani ni nani bila kuonyeshwa cheti. Dawa aliyotoa ilikuwa ya bei nafuu: taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni. Mahakama, bunge, polisi na hospitali hupita hapo kila siku na maneno yao wawili wawili. Tangu wiki ile, televisheni yetu haikuzimwa saa hiyo, na mimi niliyekuwa nikirukia mpira nilivumilia.

Aina hii ya swali haikubuniwa Kenya. Mwaka 1897 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha jaribio alilowapa wanafunzi wa mji wa Breslau, ambao leo ni Wroclaw nchini Poland. Wakuu wa mji walitaka kujua kama masomo ya mfululizo yanawachosha watoto akili, naye akawapa vifungu vilivyotolewa maneno na silabi, wavijaze. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alilirudia wazo hilo kwa shabaha nyingine. Yeye alikuwa mtu wa mambo ya habari. Alitaka kupima kama maandishi yanasomeka kwa urahisi, kwa hiyo alifuta maneno kwa mpango maalumu, kila baada ya maneno kadhaa, akaona wasomaji wanaweza kurudisha mangapi. Kwa maneno mengine, kwake pengo lilikuwa la kumpima mwandishi! Sisi tumeligeuza la kumpima mtoto.

Wamarekani nao wamehangaika. Mtihani wao wa SAT, unaotumiwa kuingilia vyuo vikuu, ulikuwa na sentensi za kukamilisha kwa maneno magumu magumu ambayo vijana waliyakariri kwa vikadi. Mwaka 2016 waliziondoa. Baadaye, mtihani huo ulipohamia kwenye kompyuta, na huko kwao ukaanza kutumika hivyo mwaka 2024, pengo lilirudi, lakini safari hii ndani ya aya fupi, na maneno yenyewe si yale ya kukaririwa usiku. Ukisoma aya kwa makini, unalipata.

Habari ya Taylor nilimsimulia dada yangu, na palepale akaitumia. Alichukua gazeti la Jumapili iliyopita, akakata vipande vyembamba vya karatasi ya gundi, akafunika neno moja katika kila maneno saba au manane kwenye habari fupi. Bila majibu manne. Binti yangu ajaze, kisha abandue aone mwandishi alisema nini. Mara nyingine neno lake lilikuwa zuri kuliko la gazeti, na shangazi alimpa alama. Mchezo huu hauhitaji kitabu cha mazoezi, na nilishangaa kuona hata mdogo wake wa Gredi ya 4 anagombania zamu. Mama yao naye aliingia siku ya pili, akatushinda sote. Yeye ni mzaliwa wa Lamu, na kule, alivyotuambia, mapengo huanza kuzibwa mtoto akiwa mgongoni.

Siwezi kumaliza bila kuzungumzia lile daftari juu ya kabati. Kuna watu wanaosema orodha kama zile zifutwe kabisa, kwamba hakuna haja ya mtoto wa leo kujua saisi wala topasi. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Saisi yupo, mwende uwanja wa farasi wa Ngong mkamwone. Kiinua mgongo kipo, dada yangu anakula chake. Tatizo ni neno kuingizwa kichwani likiwa uchi, halina ngeli, halina kitenzi, halina mtu anayelitumia. Shangazi alipolishusha daftari siku ya saba, alimpa binti yangu kazi moja: kila neno alitungie sentensi fupi kando yake, yenye kiambishi kinachoonekana. Tita la kuni limelowa. Arubuni niliyotoa haikurudishwa. Aliweza maneno ishirini kwa siku, na kwa hasira nyingi. Kufikia Septemba alikuwa hajafika hata nusu, lakini yale aliyoyafikia hayakumtoka tena. Katika mtihani wa majaribio wa mwisho alipata kumi na mbili kati ya kumi na tano. Alipokuwa akifanya KJSEA, jioni ya siku ya Kiswahili sikumwuliza ilikuwaje. Aliomba chai mwenyewe.

Dada yangu alikuwa amekwisha kurudi Voi zamani. Aliacha desturi ya kututumia, kila jioni kwa simu, sentensi moja yenye pengo. Baadhi zilikuwa za mtihani, baadhi za umbea wa ukoo. Binti yangu aliishika desturi hiyo, akaigeuza kwa manufaa yake. Wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba, niliamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini nikakuta kikaratasi kimeegemezwa kwenye chupa ya chai:

Baba, leo nasafiri kwa shangazi. Nimebakisha ____ ambayo uliahidi. A. nauli B. fola C. kilemba D. kiinua mgongo.